Leseni Inatoka Serikalini, Funguo Zinatoka Kwako

Mtoto akifikisha miaka 15 hapa Texas, siku moja anarudi nyumbani na habari kwamba wenzake wameanza kujifunza gari, na kwamba kilichobaki kwake ni sahihi ya baba au mama. Wengi wetu tulizaliwa Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu au Kigoma, ambako gari lilikuwa la mtu mzima mwenye kazi yake na leseni ya gari haikuzungumzwa kabla ya miaka 18. Wengine tulishika usukani kwa mara ya kwanza hapahapa Houston au Dallas, tukiwa na mvi, baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu au Kakuma. Basi habari hiyo inatukuta hatuielewi vizuri, na papo hapo tunaihitaji sana. Mabasi ni machache, maduka yako mbali, mama anafanya zamu ya usiku ghalani, na mtoto ndiye anayesoma Kiingereza upesi kuliko wote nyumbani. Sahihi inatiwa siku hiyohiyo.

Simwambii mzazi amnyime mtoto gari. Katika miji hii, asiyeendesha hukosa kazi, hukosa chuo cha jioni, hukosa hata kufika msikitini au kanisani. Ninachosema ni kwamba serikali ikishatoa leseni imemaliza kazi yake, na yako ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2020 vijana wapatao 2,800 wa miaka 13 hadi 19 walikufa kwa ajali za magari nchini Marekani, karibu wanane kila siku. Ukipima kwa umbali unaoendeshwa, dereva wa miaka 16 hadi 19 huingia katika ajali yenye kifo karibu mara tatu zaidi ya dereva wa miaka 20 na kuendelea. Hatari hiyo haienei sawasawa. Anapojifunza na mtu mzima akiwa pembeni yake, ajali ni chache. Inapanda kupita kiasi katika miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake, wakati ambapo mzazi anashusha pumzi akidhani mambo yamekwisha.

Kwanza tuijue sheria. Marekani hutoa leseni kwa vijana hatua kwa hatua, utaratibu ambao New Zealand iliuanza mwaka 1987 na Florida ikauchukua mwaka 1996. Sasa kila jimbo lina namna yake. Texas huanza na leseni ya kujifunzia, kuanzia miaka 15. Mtoto husoma kozi ya udereva yenye masomo ya darasani, saa 7 za kuendesha akielekezwa, na saa 7 za kukaa garini akimtazama mwingine anavyoendesha. Juu ya hizo kuna saa 30 za mazoezi na mtu mzima, na 10 kati yake lazima ziwe za usiku. Kwa leseni hiyo haendi popote peke yake, hata duka la jirani. Kiti cha mbele lazima akae mtu wa miaka 21 au zaidi, mwenye leseni, na awe na uzoefu wa kuendesha wa angalau mwaka mmoja.

Sharti hilo la mwaka mmoja liangalieni kwa makini nyinyi mliofika karibuni. Baba aliyeanza kuendesha na kupata leseni miezi minne iliyopita haruhusiwi kumsimamia mwanawe. Tafuteni mjomba, shangazi au mzee wa jumuiya mwenye sifa hizo na mkubaliane naye siku maalumu za wiki. Vivyo hivyo kwa mama asiyeendesha: asikubali mtoto amchukue dukani kwa sababu tu yeye ni mzazi na amekaa pembeni. Kisheria, mtoto huyo anaendesha peke yake.

Baada ya miezi sita na leseni ya kujifunzia, na akiwa ametimiza miaka 16, anaweza kufanya jaribio la barabarani na kupewa leseni yenye masharti. Kabla ya jaribio anatazama mafunzo ya video ya saa mbili yanayotolewa bure na idara ya usalama wa umma ya jimbo, yakisimulia ajali za vijana waliokuwa wakichezea simu. Kaa uyatazame naye. Akishapata leseni, kwa mwaka wa kwanza haruhusiwi kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa kazi yake mwenyewe, shughuli ya shule au dharura ya ugonjwa. Haruhusiwi pia kubeba zaidi ya abiria mmoja wa chini ya miaka 21 asiye wa familia yake. Simu, hata ile ya kuongea bila kuishika, ni marufuku kwake mpaka atimize 18, labda kuwe na dharura. Majimbo mengine yanabana zaidi. California inadai saa 50 za mazoezi, inafunga barabara kwa kijana kuanzia saa tano usiku, na kwa mwaka wa kwanza haimruhusu kubeba mtu wa chini ya miaka 20 bila mtu mzima garini. Minnesota nayo inataka saa 50, lakini inazipunguza hadi 40 mzazi akihudhuria darasa lake la dakika 90. Ukiishi huko, lihudhurie. Halikuwekwa kukusumbua.

Kuna mlango mmoja uliobaki wazi Texas, na watoto wetu ndio wanaoupita zaidi. Masharti yote haya yanamlenga anayeomba leseni kabla ya miaka 18. Aliyetimiza 18 na hajafika 25 anatakiwa kusoma kozi ya saa sita tu, kutazama video ya saa moja, kisha kufanya mtihani na jaribio. Hadaiwi saa 30, hakatazwi usiku, hapangiwi idadi ya abiria. Fikiria kijana aliyeshuka uwanja wa ndege akiwa na miaka 17, hajui barafu wala barabara yenye njia sita upande mmoja. Mwaka unapita akijifunza lugha. Akitimiza 18 anafanya kozi ya saa sita kwenye kompyuta, rafiki anamwazima gari kwa jaribio, na wiki hiyohiyo anapeleka wenzake wanne kazini alfajiri. Sheria inamwita mtu mzima, na ni kweli ana miaka 18, lakini katika udereva ana wiki moja. Wazazi wengine hata humwambia mwenye miaka 16 asubiri 18 ili kuepuka gharama na usumbufu. Nawaombeni msifanye hivyo. Kama lazima asubiri, au kama alifika akiwa amechelewa, wekeni nyumbani zile saa 30, yale masharti ya usiku na yale ya abiria, kana kwamba jimbo limeyaandika kwa jina lake.

Sasa hizo saa 30. Ndizo zenye faida kubwa katika mpango mzima, na ndizo zinazoibiwa zaidi. Zinaandikwa kwenye fomu, mzazi anatia sahihi, na hakuna anayekuja nyumbani kuhakiki. Fomu hizo hujazwa jioni moja, kwa kalamu moja, na tarehe za kubuni kuanzia Januari hadi Juni. Mzazi anayefanya hivyo mara nyingi amechoka, ana zamu mbili na watoto watano. Lakini anayedanganywa hapo si serikali. Ni mtoto, anayeingia I-10 jioni ya Ijumaa akidhani anajua anachofanya.

Anzieni kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa au shule siku ambayo hakuna watu. Hapo ajifunze kukanyaga breki bila kuwarusha watu mbele, kurudi nyuma akigeuka kutazama, na kuzoea vioo mpaka macho yaende yenyewe. Msikimbilie barabara. Kisha mitaa ya karibu na nyumbani, mchana, pasipo mvua. Fanyeni mara nyingi ile njia panda yenye vibao vya kusimama pande zote nne, ambayo wengi wetu hatukuikuta kwetu: aliyefika kwanza huondoka kwanza, na mkifika pamoja, aliye kulia kwako hutangulia. Mwonyeshe basi la shule la njano linapowasha taa nyekundu, kwamba magari ya pande zote mbili husimama, ila pale tu barabara inapogawanywa na ukuta au bustani katikati.

Kukunja kushoto mbele ya magari yanayokuja kunastahili siku zake peke yake. Kwa waliokulia Tanzania, Kenya au Uganda, ambako magari hupita kushoto, kukunja huko ndiko kulikuwa kwepesi. Hapa ndiko kugumu, na mwili wako unaweza kukupa maelekezo ya zamani wakati unamfundisha mtoto. Ukijiona una mashaka, mwachie mwalimu wa shule ya udereva sehemu hiyo nawe ukae nyuma utazame. Mfundisheni asikunje magurudumu mapema anaposubiri katikati ya njia panda, maana akigongwa nyuma atasukumwa moja kwa moja upande wa magari yanayokuja.

Kuingia barabara kuu huwatisha wazazi kuliko watoto. Nimeona akina baba wakipiga kelele “punguza mwendo!” pale hasa anapotakiwa kuongeza. Ile barabara ya kuingilia imewekwa ili gari lipate kasi sawa na ya wale walioko ndani. Anayeingia kwa maili 35 katikati ya malori yanayokwenda 65 amejiweka pabaya. Chagueni Jumapili asubuhi, mwingie na kutoka, mwingie na kutoka, mpaka mabega yake yashuke. Baadaye mvua. Baadaye usiku. Kwa sisi wa Houston lazima tuzungumzie mafuriko pia: sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi hutosha kuchukua gari dogo, na 60 huchukua hata gari kubwa. Mwonyesheni mapito ya chini ya madaraja yanayojaa mtaani kwenu, na mwambieni kwamba akikuta maji barabarani anageuza, hata akichelewa mtihani.

Namna ya kusema ndani ya gari nayo ni kazi. Agizo litangulie tendo: “ukishavuka taa hizo, tutakunja kulia” humpa muda wa kutazama vioo na kuwasha indiketa, lakini “kunja! kunja!” humfanya akunje bila kutazama. Malezi yetu yanamtaka mtoto asimjibu mkubwa, na mimi nayapenda malezi hayo, lakini garini anahitaji ruhusa ya kusema “baba, siwezi, naogopa” bila kuonekana amekosa adabu. Mpe ruhusa hiyo kabla ya kuwasha injini. Ukikasirika, mwambie aegeshe mahali salama, mshuke, mpumzike. Ujue pia kwamba amekuwa akikutazama tangu akae kiti cha nyuma akiwa na miaka mitano. Ukisikiliza sauti za WhatsApp na kujibu huku unaendesha, yeye ndivyo ajuavyo kuendesha.

Kisha inafika siku anapoendesha peke yake. Hapa ndipo familia zetu zina jambo lao ambalo vitabu vya hapa havilisemi. Mtoto wa jirani Mmarekani hupata leseni ili atembee na marafiki. Wetu hupata leseni na palepale anakuwa dereva wa nyumba nzima: kuwapeleka wadogo shule, bibi hospitali, baba kazini, kwaya kwenye mazoezi. Kwa sehemu hilo ni jema. Utafiti wa mwaka 2012 wa taasisi ya usalama barabarani ya AAA ulionyesha kwamba dereva wa miaka 16 au 17 akiwa na abiria wa miaka 35 au zaidi, hatari yake ya kufa hupungua kwa asilimia 62. Mama aliyekaa pembeni kimya na mkoba wake mapajani anamlinda mwanawe. Utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili: akiwa na abiria mmoja wa chini ya miaka 21 na hakuna mtu mzima, hatari hupanda kwa asilimia 44, wakiwa wawili huwa mara mbili, wakiwa watatu au zaidi huwa karibu mara nne.

Sheria ya Texas haiwahesabu ndugu zake. Kijana wa miaka 16 anaweza kubeba wadogo zake wanne na asiwe amevunja kifungu chochote. Lakini wadogo wanne wanaogombania chaja ya simu nyuma ni kelele ileile ya marafiki wanne. Miezi mitatu ya kwanza asibebe mtoto yeyote asipokuwepo mtu mzima. Mitatu inayofuata, mmoja. Najua inagharimu, kuna asubuhi ambazo baba itabidi aamke baada ya kulala saa tatu tu. Panga hivyo hata hivyo, au gawaneni zamu za shule na majirani.

Usiku ni mgumu zaidi, kwa sababu ya zamu zetu. Mama anatoka kiwandani saa saba usiku na mwenye leseni nyumbani ni binti wa miaka 17. Anapokwenda kumchukua, sheria haimtambui kama mtu aendaye kazini kwake, na dharura ya ugonjwa haipo. Anavunja sheria akiwa na usingizi, katika saa zilizo mbaya kuliko zote. Ombeni lifti kwa mfanyakazi mwenzenu na mchangie mafuta, au mama aombe kubadilishiwa zamu. Na wala usitulie kwa kuwa jimbo limeanzia saa sita: ajali nyingi za usiku zinazoua vijana hutokea kabla ya hapo. Saa tatu usiku funguo ziwe zimerudi kwenye msumari wake kwa miezi sita ya kwanza, Ijumaa na Jumamosi zikiwemo.

Haya yaandikeni. Karatasi moja ibandikwe jikoni, yenye saa za kurudi, abiria wangapi, simu ikae wapi (ndani ya begi, kiti cha nyuma), na lini kila sharti litalegezwa asipoharibu. Tarehe ya kulegezwa ni muhimu, maana kijana huvumilia kitu anachokiona mwisho wake. Andikeni pia ahadi yako: akipiga simu saa yoyote kwamba amechoka, au aliyempa lifti amekunywa, utakwenda kumchukua na usiku huo hutamgombeza. Pombe kwake ni sifuri. Chini ya miaka 21 Texas haina kiwango kinachoruhusiwa. Kwa familia ambayo kesi yake ya ukimbizi au makazi haijaisha, kosa la ulevi barabarani linaweza kuliandama faili lote.

Mkanda, kila mtu, kila kiti. Kati ya vijana wa miaka 16 hadi 19 waliokufa magarini mwaka 2020, zaidi ya nusu hawakufunga. Tukitoka harusini tunajua kubanana kumi kwenye gari la watu saba, na mtoto aliyeshika usukani hawezi kuwaambia wakubwa washuke. Wewe waambie kwa niaba yake.

Kuhusu gari lenyewe, tunakosea tunapompa lile bovu kuliko yote kwa hoja kwamba ataligonga tu. Ndiye anayehitaji zaidi mifuko ya hewa inayofanya kazi na tairi zenye meno. Magari yote mapya madogo yaliyouzwa hapa tangu toleo la 2012 lazima yawe na mfumo unaolizuia gari lisiteleze na kuyumba. Hilo liwe kipimo chako cha kwanza sokoni, kabla ya rangi na redio. Epuka injini yenye nguvu nyingi na epuka pia kigari kidogo kabisa. Bima usiifiche. Kuna wanaoacha kumtaja kijana kwa kampuni ili malipo yasipande, kisha ajali inatokea na kampuni inakataa kulipa. Kiwango cha chini cha Texas kinalipa hadi dola 25,000 kwa mali uliyoharibu, na kuna magari mengi barabarani yenye bei maradufu ya hiyo. Uliza punguzo la alama nzuri shuleni. Kampuni nyingi hulitoa.

Jambo moja zaidi halisemwi vya kutosha kwetu, nalo ni polisi. Tangu sheria ya mwaka 2017, sekondari za Texas na kozi za udereva hufundisha namna ya kusimamishwa barabarani, lakini mzazi wa mtoto mweusi asiiachie shule peke yake. Wengi wetu tumezoea kushuka na kumfuata trafiki tukamsalimie na kujieleza. Hapa kushuka bila kuambiwa kunaweza kumwogopesha askari mwenye bastola. Kijana aegeshe kulia, azime injini, awashe taa ya ndani kama ni usiku, aweke mikono yote miwili juu ya usukani. Asianze kupekua droo; aseme kwanza kwamba leseni iko mfukoni na bima iko kwenye droo, kisha asubiri aambiwe. Kumpa askari pesa ni kosa kubwa la jinai hapa, hata ukiita ya soda. Akiona ameonewa, akubali karatasi ya faini kwa utulivu. Kubishana ni mahakamani, nanyi mtakwenda naye. Fanyeni zoezi hilo sebuleni, wewe ukiwa askari, mpaka alifanye bila kufikiri.

Akigonga au kugongwa, utaratibu ni mfupi na aukariri: asiondoke, awashe taa za dharura, apige 911 kama kuna aliyeumia, apige picha za magari na namba zake, abadilishane bima, asisaini kitu chochote cha mwenye gari jingine, kisha akupigie.

Na ukiona karatasi ya jikoni inavunjwa tena na tena, una haki ambayo wazazi wengi hawaijui. Aliyetia sahihi maombi ya leseni ya mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuiandikia idara iliyoitoa akaiomba iifute. Mweleze mtoto haki hiyo siku unayotia sahihi, mbele ya karani, ili isije ikawa habari mpya siku ya ugomvi.